Tumehamia gesi, lakini mtoto bado anakohoa usiku: hewa ya nyumba inaharibiwa na nini?

1. MkaaziManyatta
Hamjambo wanajukwaa. Ninaishi Manyatta, Kisumu, katika nyumba ya kukodi ya vyumba viwili, pamoja na mke wangu, mama mzazi na mtoto wetu wa miaka 4. Hadi Desemba tulikuwa tukipika kwa makaa, na kuta za chumba cha mbele zilikuwa zimeshika masizi kiasi kwamba ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Januari tulinunua mtungi wa kilo 13 na jiko la mezani, tukapaka rangi upya, na nakiri kwamba nilijigamba kwa majirani kuwa kwetu moshi umekwisha. Sasa ni mwezi wa Mei. Kuta bado ni nyeupe, lakini mtoto anakohoa usiku kama alivyokuwa akikohoa wakati wa makaa, hasa kuanzia saa tatu hadi karibu na alfajiri. Mama anasema tatizo ni gesi yenyewe. Mke wangu anasema ni vumbi la barabara. Mimi sijui tena nililipia nini. Hakuna anayevuta sigara nyumbani. Naomba mnisaidie kufikiri.

2. Tabibu Mstaafu
Pole, baba. Kabla ya kuchunguza jiko, chunguzeni mtoto. Kikohozi kilichodumu zaidi ya wiki 2 kinastahili kupimwa kifua kikuu, na kile kinachozidi usiku na karibu na alfajiri kinanifanya niwaze pumu, ambayo haisubiri moshi uonekane. Hilo lifanyike wiki hii. Baada ya hapo nina swali moja: katika nyumba yako, ni kitu gani kinachowaka baada ya saa moja jioni?

3. MpishiKibuye
Nami naongeza la pili: maharagwe yanachemshwa wapi? Nimeuza chakula karibu na soko la Kibuye kwa miaka mingi na sijawahi kuona nyumba iliyohamia gesi kwa kila kitu. Gesi ni ya chai, mayai na sukuma wiki. Likija suala la githeri, jiko la makaa linatolewa uvunguni kimyakimya. Kuta nyeupe ni ushahidi wa rangi tu.

4. MkaaziManyatta
Mama Kibuye, umenikamata. Githeri na maharagwe bado tunachemsha kwa makaa mara 2 kwa wiki, ila jiko linakaa barazani, hatua 2 kutoka mlangoni. Daktari, kinachowaka baada ya saa moja ni koili ya mbu, moja chumba cha mbele na nyingine chumbani. Tunafunga madirisha saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa anayeyaacha wazi hapa karibu na ziwa hulala akipiga makofi. Mtoto tutampeleka Jumatatu.

5. MwalimuSayansi
Basi umejijibu mwenyewe. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ambao ulipima moshi wa koili za mbu, ukakuta kwamba koili moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembe ndogo sawa na zile za sigara 75 hadi 137. Chembe hizo zina kipenyo cha mikroni 2.5 au chini yake, yaani unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda mara 30 hivi, na ndiyo sababu pua na koo havizizuii zisifike ndani kabisa ya mapafu. Unasema hakuna anayevuta sigara nyumbani. Kwa hesabu hiyo, mtoto wako analala na wavutaji wengi sana, tena madirisha yakiwa yamefungwa, na muda wa kikohozi ulioutaja ndio muda wa koili.

6. NyarDunga
Mwalimu, hesabu hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila mara anayeitoa husahau kusema kwamba koili zilizopimwa zilikuwa za China na Malaysia. Huenda zetu ni mbaya zaidi au afadhali kidogo. Jambo linaloniudhi ni lingine. Huku kwetu ziwani malaria haina msimu wa kupumzika. Mimi nimelala na mtoto hospitalini kwa ajili ya malaria mara 2, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtoto amelazwa kwa ajili ya koili. Msimwambie mtu azime koili bila kumwambia aweke nini mahali pake.

7. Tabibu Mstaafu
NyarDunga ana haki ya kuuliza, na jibu lipo: chandarua chenye dawa kitandani na wavu wa waya dirishani. Koili hufukuza baadhi ya mbu kutoka chumbani, lakini mbu wa malaria wa eneo letu hupenda kuuma usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na wakati huo kinachomkinga mtoto ni neti iliyochomekwa vizuri chini ya godoro. Wavu wa dirishani una faida mbili kwa gharama moja, kwa kuwa unazuia mbu na unakuruhusu kuacha dirisha wazi.

8. FundiKakamega
Wavu dirishani ni sawa, lakini mbu huyo anapita juu. Nimejenga nyumba kuanzia Butere hadi Malava, na katika nyumba ya udongo yenye mabati daima kuna mwanya kati ya ukuta na paa. Mwanya huo ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria, na ndio bomba la moshi la nyumba nzima. Ukiuziba, mbu wanapungua na moshi unabaki. Ukiuacha, moshi unatoka na mbu wanaingia. Bibi yangu alisema moshi wa jikoni ndio dawa ya mbu. Ukweli ni kwamba alikuwa na moshi na alikuwa na malaria pia. Ninachofanya sasa, mteja akikubali gharama, ni kuacha mwanya na kuutandaza wavu ndani yake, ingawa masizi huuziba wavu huo haraka kama hapo chini panapikwa kwa kuni, na usipopigwa brashi unageuka ukuta.

Kwa mleta uzi: nyumba za kukodi za mawe hazina mwanya huo, ila juu ya madirisha huwa na matundu ya hewa. Je, yako wazi?

9. MkaaziManyatta
Fundi, nimeinua macho sasa hivi. Matundu yote 4 yamejazwa magazeti na kupakwa rangi juu yake. Nahisi hata mimi nilipitisha brashi hapo mwezi wa Januari.

10. MpishiKibuye
Kumbe alipaka rangi pua ya nyumba!

11. BintiMolo
Msicheke sana. Huku kwetu Molo baridi ya Julai ni ya kweli, na matundu hayo tunayaziba kwa makusudi. Mwaka ambao nilikuwa kidato cha pili, familia ya jirani iliingiza jiko la makaa chumbani ili kupasha joto, makaa yakiwa yameshika vizuri, mekundu, bila moshi wowote. Asubuhi hawakufungua mlango. Walipona 2 kati ya 4. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema kwamba makaa yakishaiva hayana madhara, ninatetemeka. Moshi ukikuchoma macho unakusaidia, kwa sababu unatoka nje. Kinachoua ni kile kisichokuchoma.

12. Kijana wa Pipeline
Pole sana, dada. Mimi niliambiwa kwamba hewa hiyo ya makaa ni nzito, hivyo inakaa chini, na ukilala kwenye kitanda cha juu unakuwa salama. Kwa hiyo watoto walale juu.

13. Tabibu Mstaafu
Kijana, tafadhali ushauri huo usiurudie popote. Kaboni monoksaidi si nzito kuliko hewa. Ni nyepesi kidogo tu, molekuli yake ikiwa na uzito wa 28 na wastani wa hewa ukiwa karibu 29, kwa hiyo inachanganyika na kujaa chumba kizima, juu na chini. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na anayeipumua huumwa kichwa, akasikia kichefuchefu na usingizi, akadhani amechoka. Hakuna kitanda cha kuikwepa. Jiko la makaa halilali ndani ya nyumba, hata likiwa limefunikwa majivu.

14. MkulimaBahati
Nimesoma kwa makini, na ninaona vumbi limeachwa bila wakili. Sisi wa Nakuru hata jina la mji wetu linasemekana kutokana na neno la Kimaasai la vumbi, na mwezi wa Februari upepo ukivuma kutoka upande wa ziwa unaweza kuandika jina lako mezani saa moja baada ya kufuta. Mwanangu alikohoa miaka 2. Tulichobadilisha ni ufagio: tukaacha kufagia pakiwa pakavu, tukaanza kupiga deki kwa kitambaa chenye maji, viatu vikabaki mlangoni, na zulia la sebuleni tukampelekea shangazi ambaye hana watoto. Mke wa mleta uzi asipuuzwe.

15. NyarDunga
Shangazi mwenyewe hakohoi?

Kwa heshima, Mkulima, nadharia ya barabara ina tatizo la kalenda. Mvua za masika zimenyesha Kisumu tangu mwezi wa Machi na vumbi limelala. Kama kosa lingekuwa la barabara, mtoto angepumzika Aprili. Mimi ningeuliza nguo zinaanikwa wapi siku za mvua, kwa sababu kwangu zilipokuwa zikining'inizwa chumbani, kona ya nyuma ya kabati iliota ukungu mweusi, na harufu yake ndiyo iliyonizindua.

16. MkulimaBahati
Vumbi la barabarani limelala. La godoro na zulia halijui kwamba kuna mvua. Hayo mawili ni tofauti.

17. MrembeshajiMilimani
Mimi napendekeza mimea. Weka mmea mmoja wa ulimi wa mama mkwe kila chumba. Hata wataalamu wa NASA walithibitisha kwamba unasafisha hewa.

18. MwalimuSayansi
Utafiti wa NASA wa mwaka 1989 ulifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, na uliangalia mvuke wa kemikali, wala haukuangalia chembe za moshi. Watafiti waliorudia hesabu mwaka 2019 walipata kwamba ili mimea ifikie kazi ambayo uingizaji wa kawaida wa hewa unaifanya bure, ungehitaji kati ya mmea 1 na mimea 1,000 katika kila mita mraba ya sakafu.

19. MsomiEgerton
Mwalimu, nakusahihisha kidogo: kiwango cha chini ni mimea 10, si 1. Ila hoja inabaki palepale.

20. MwalimuSayansi
Ni kweli, 10. Asante.

21. MpishiKibuye
Kwa hiyo mleta uzi ahamie barazani na kuwaachia mimea nyumba.

22. MsomiEgerton
Ningependa kulirudisha swali la msingi, kwa sababu mleta uzi hayuko peke yake. Watu waliodhani kwamba kubadilisha jiko kunatosha ni pamoja na watafiti wakubwa. Nchini Malawi, zaidi ya watoto 10,000 walishiriki katika utafiti wa majiko yaliyoboreshwa. Matokeo yakatolewa mwaka 2016, na homa ya mapafu haikupungua. Kisha ukaja utafiti mwingine wa Guatemala, India, Peru na Rwanda, ambapo wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa katika makundi mawili, kundi moja likapewa jiko la gesi na gesi ya bure. Hawa wa gesi walilitumia kwelikweli, na chembe walizopumua zilikuwa karibu mikrogramu 24 kwa kila mita ya ujazo, dhidi ya 70 hivi kwa kundi lingine. Hata hivyo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana, na mwaka 2024 ikaonekana kwamba homa kali ya mapafu kwa watoto wachanga haikupungua pia. Sisemi kwamba gesi haina maana. Ninasema tu kwamba mleta uzi akikataa kushangilia, ana wenzake wenye shahada.

23. MwalimuSayansi
Kuhusu Malawi, maelezo yaliyotolewa ni kwamba jiko lilikuwa chanzo kimoja tu: watu waliendelea kuchoma takataka na kuvuta tumbaku. Kwa upande wa gesi, mimi ninaelekea kwenye maelezo yaliyotoka karibu nasi zaidi, Laikipia, ambako mwaka 2001 zilichapishwa takwimu za familia 55 zilizofuatiliwa kwa miaka 2. Waliona kwamba maradhi ya njia ya hewa yanapanda haraka moshi unapoanza kuongezeka, kisha mstari unalala ukifika mikrogramu 1,000 hadi 2,000. Maana yake ni kwamba mtu anayetoka kwenye moshi mzito sana na kuingia kwenye moshi mzito kiasi amefanya kazi kubwa ambayo mapafu bado hayajaiona. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 10.

24. MsomiEgerton
Zilikuwa 10 hadi mwaka 2021. Sasa ni 5. Na maelezo hayo ya Laikipia hayatoshi kwa utafiti wa gesi, kwa sababu pale watu walishuka hadi 24, chini kabisa ya huo mteremko wako. Lazima kuna kitu kingine.

25. FundiKakamega
Kitu kingine ni jirani. Nyumba haina mpaka angani. Katika ploti ya vyumba 10, mmoja akipika kwa gesi na 9 wakawasha makaa ukumbini kwa karatasi za plastiki, huyo mmoja amenunua gesi kwa ajili ya kujifurahisha. Hata jiko la Upesi, ambalo mwanzoni liliitwa Maendeleo na ambalo akina mama wafinyanzi wa magharibi wamelitengeneza kwa miaka mingi, linapunguza kuni na moshi, lakini halina bomba. Moshi uliobaki unapita palepale, na wa jirani unaingia kuusalimia.

26. Mzee wa Vihiga
Vijana, sisi tulizaliwa katika moshi, tukasoma kwa koroboi hadi pua zikawa nyeusi, na bado tunaandika humu. Wakalenjin wanasugua mkaa wa mti wa senetwet ndani ya kibuyu ili mursik, maziwa yao ya mgando, iwe na ladha. Moshi una kazi yake.

27. Tabibu Mstaafu
Shikamoo, Mzee. Mursik siigusi, ninaipenda. Ila wanaoandika humu ni wale waliobaki. Wodini nimewaona akina mama wa umri wako ambao hawakuwahi kushika sigara, na mapafu yao yalikuwa kama ya mvutaji wa miaka 40.

28. Mzee wa Vihiga
Marahaba, Daktari. Mke wangu ni mmoja wao. Nilidhani ni uzee.

29. MpishiKibuye
Pole, Mzee wetu. Mpikieni nje, naye akae upande unaotoka upepo.

Nirudi kwenye githeri, kwa sababu huko ndiko makaa yanakorudi kupitia mlango wa nyuma. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji, kisha uyaweke na maji mapya kwenye kikapu kilichotandikwa mablanketi mazito, ufunike, uende zako. Jioni yameiva bila moto wowote.

30. Tabibu Mstaafu
Mama Kibuye, kikapu ni kizuri sana, lakini umeruka hatua. Maharagwe mekundu lazima kwanza yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, maana yana sumu inayoondolewa na mchemko kamili tu. Joto la wastani halitoshi, na wengine wametapika kwa sababu hiyo. Chemsha kwanza kwa gesi, kisha upeleke kikapuni yakiwa bado yanatokota.

31. MpishiKibuye
Mimi huchemsha nusu saa. Niliona ni jambo linalojulikana. Ahsante kwa kuliandika.

32. Mpangaji wa Kaptembwo
Wengi mnazungumza kana kwamba tabia ni suala la kuamua tu. Ushuru wa gesi uliondolewa mwaka 2016, ukarudishwa mwaka 2021 kwa asilimia 16, ukapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ukaondolewa tena mwaka 2023. Kila uliporuka nasi tuliruka. Mtungi wangu wa kilo 6 ukiisha tarehe 20, makaa ya mkebe yananingoja dukani, na muuzaji hataki nilipe mtungi mzima kwa siku moja. Tabia yangu inaamuliwa na tarehe.

33. MpimajiHewa
Samahani kwa kuchelewa. Ninamiliki kipimo kidogo cha chembe za hewani, na nimekizungusha kwangu Mamboleo kwa majuma kadhaa. Chai kwa gesi haikisogezi. Lakini kukaanga omena kwa gesi, mafuta yakiwa yamepata joto hadi yanatoa moshi, kulikipandisha kuliko jiko la jirani, na koili ilikipandisha taratibu ikakiweka juu hadi alfajiri. Kilichokishusha haraka ni kufungua dirisha na mlango wa upande wa pili kwa pamoja. Kufungua dirisha peke yake kulichukua muda mrefu zaidi. Kuhusu mama mzazi wa mleta uzi, msimdharau. Mwali wa gesi hutengeneza nitrojeni dioksidi, ambayo kipimo changu hakiioni, na imehusishwa na dalili za pumu kwa watoto. Mwali ukiwa wa njano na sufuria ikishika weusi, jiko linahitaji kusafishwa.

34. MkaaziManyatta
Nimerudi baada ya siku 16. Mtoto alipimwa: kifua kikuu hakuna, pumu wanaishuku, tumepewa dawa ya kuvuta na tarehe ya kurudi. Nilitoa magazeti kwenye matundu, nikayawekea wavu. Koili tumeacha, neti tumeichomeka. Zulia limekwenda kwa dada yangu, Mkulima akipenda. Githeri linapikwa kwa kikapu baada ya kuchemka. Usiku 5 zilizopita mtoto amekohoa mara 2 tu. Mama anasema ni dawa. Mke wangu anasema ni zulia. Mwalimu atasema ni koili.

35. MwalimuSayansi
Nitasema. Ila ungebadilisha jambo moja kila wiki, leo tungejua.

36. NyarDunga
Mwalimu, ungeweza wewe kumsikiliza mwanao akikohoa wiki 5 ili sisi tupate jibu?

37. MkulimaBahati
Dada yake mleta uzi ana watoto?

38. MkaaziManyatta
Anao 3. Nimempigia, amesema zulia ni zuri na halirudi. Jambo moja lililobaki: jana mwenye ploti alipita, akaona matundu yamefunguliwa, akasema niyazibe tena kwa sababu yanaharibu sura ya jengo. Fundi, kuna kitu ninachoweza kuweka hapo kinachopitisha hewa na kisichoonekana kutoka nje?

39. FundiKakamega
Kipo. Nitumie picha ya ukuta ukiwa nje, na upime upana wa tundu moja.